Mmea Mama, Mwanga wa Usiku na Dozi ya Dawa: Somo la Artemisia kwa Wakazi wa Kigwa

Kigwa, katika Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora, ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwisho vya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe. Msafiri aliyekwisha kupita Tura na Rubuga aliifikia Kigwa, na kutoka hapo Kwihara na Tabora hazikuwa mbali. Richard Burton na John Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, naye Henry Stanley akaipita mwaka 1871. Homa iliwaangusha wageni hao, na iliwaangusha pia wapagazi wao. David Livingstone, aliyekaa Kwihara kuanzia Februari hadi Agosti 1872, alikuwa amekwisha kupoteza sanduku lake la dawa tangu Januari 1867, na humo ndimo kwinini yake ilimokuwa. Katika njia ile, mtu mwenye dawa iliyopimwa na mtu asiyekuwa nayo hawakuwa katika hali moja.

Homa iliyoogopwa wakati huo ingali ipo, ila dawa yake kuu leo inatokana na mmea mwingine, yaani Artemisia annua, wa jamii moja na pakanga, wenye asili ya Asia. Kwa kuwa mmea huu huota katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, watu wengi huuliza maswali mawili. La kwanza ni la mkulima: mmea unaochanua maua na kufa ndani ya mwaka mmoja utatunzwaje ili uendelee kutoa vipandikizi? La pili ni la mgonjwa: je, mwenye mmea bora uani bado anahitaji dawa ya zahanati? Makala haya yanayajibu yote mawili, kwa kuwa jibu la swali la kwanza ndilo linalofafanua la pili.

Kanuni iliyogunduliwa katika tumbaku

Mkulima wa Tabora anaijua tumbaku tangu kitaluni hadi kwenye bani. Anajua kwamba kichwa cha maua kikiachwa, nguvu ya mmea huacha majani na kwenda kwenye mbegu, ndiyo maana hukikata mapema. Ni katika zao hilohilo kwamba wanasayansi walitambua jinsi mimea inavyopokea habari za majira.

Nchini Marekani kulikuwa na aina ya tumbaku iliyoitwa Maryland Mammoth. Ilirefuka mno wakati wa kiangazi bila kuchanua, lakini ilipohifadhiwa ndani ya nyumba ya vioo wakati wa baridi ilitoa maua. Wightman Garner na Harry Allard, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, walijiuliza kama sababu ilikuwa joto, maji au rutuba. Mwaka 1918 walianza kuingiza mimea katika banda lenye giza kila alasiri, ili mchana wake uwe mfupi kuliko ule wa nje. Mimea hiyo ikachanua katikati ya kiangazi. Mwaka 1920 walitangaza kwamba urefu wa mchana ndio unaoamua wakati wa maua katika mimea mingi.

Mwaka 1938 Karl Hamner na James Bonner walisogeza elimu hiyo hatua moja mbele. Walionyesha kwamba kinachopimwa na mmea kwa kweli ni usiku usiokatizwa. Taa ikiwashwa kwa muda katikati ya usiku mrefu, mmea huuhesabu usiku huo kuwa mfupi. Kazi hiyo hufanywa na rangi iliyomo ndani ya majani, iitwayo fitokromu, ambayo huathiriwa zaidi na mwanga mwekundu. Kwa hiyo mwanga una kazi mbili katika maisha ya mmea. Mwanga mkali wa jua ni chakula, na hata mwanga hafifu wa usiku ni habari.

Mimea inayochanua usiku ukirefuka huitwa mimea ya mchana mfupi. Artemisia annua ni mmojawapo, na krisanthemi, ambayo ni ya jamii yake, ni mwingine. Bangi nayo hutii kanuni hiyo. Ila kilimo chake kimekatazwa nchini na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na kwa sababu hiyo somo hili linatumia mmea ambao mkulima anaweza kuulima bila kuvunja sheria.

Mchana wa Kigwa

Kigwa iko takriban nyuzi tano kusini mwa Ikweta. Mchana wake mrefu kabisa, mwezi Desemba, hukaribia saa 12 na dakika 25. Mchana mfupi kabisa, mwezi Juni, hukaribia saa 11 na dakika 50. Tofauti ya mwaka mzima, basi, ni kama dakika 35 tu.

Majaribio yaliyofanywa kwa Artemisia annua yameonyesha kwamba aina za kawaida huanza kutayarisha maua mchana unapopungua chini ya saa 13 na nusu hivi. Ukilinganisha hesabu hizo mbili utaona shida iliyopo: hapa Kigwa hakuna siku hata moja katika mwaka inayofikia urefu huo. Mche uliotoka kwenye mbegu ya nchi za kaskazini hupata amri ya kuchanua ungali mfupi na wenye majani machache, na vichwa vya maua vinaweza kuonekana takriban wiki mbili baada ya amri hiyo. Baada ya maua huja mbegu, na baada ya mbegu mmea hufa. Mkulima hudhani udongo ni mbaya au mbegu ilioza, kumbe mmea umesoma urefu wa usiku na kuutii.

Njia za kuepuka jambo hilo ni mbili. Ya kwanza ni kuchagua aina zilizozalishwa kwa ajili ya nchi za joto, ambazo huchelewa kuchanua. Ya pili ni kukatiza usiku wa mimea michache iliyotengwa kuwa mimea mama. Hii ya pili si ngeni Afrika Mashariki. Mashamba yanayozalisha vipandikizi vya krisanthemi mkoani Arusha, na yale ya Uganda karibu na Ziwa Viktoria, huwasha taa usiku juu ya mimea mama yake, ili ibaki katika hali ya majani mwaka mzima.

Kumtunza mama

Mmea mama ni mmea uliochaguliwa kwa sifa zake, ukazuiwa usichanue, ili vichwa vyake vichanga vikatwe na kuoteshwa. Kipandikizi hurithi nasaba yote ya mama yake. Kwa mbegu mambo ni tofauti, kwani mbegu ya artemisia huchanganya nasaba za mimea miwili, na watoto wake hutofautiana kwa urefu, kwa harufu na kwa kiasi cha artemisinini kilichomo katika majani. Kwa mtu wa Kigwa wazo hili si jipya: ndivyo anavyohifadhi marando ya viazi vitamu penye unyevu wakati wa kiangazi, na ndivyo anavyochagua vipande vya mashina ya muhogo.

Mchana, mmea mama unahitaji jua la kutosha, kwa maana taa ndogo haiwezi kuchukua nafasi ya jua katika kuulisha. Ukiwekwa ndani ya nyumba yenye giza, huwa mrefu, mwembamba na wenye majani yaliyopauka. Mahali pafaapo ni kitalu kilicho wazi au chenye paa linalopitisha nuru.

Usiku, taa huwashwa kwa mojawapo ya njia mbili. Mtu anaweza kurefusha jioni, kuanzia saa 12 hadi saa 4 usiku, na hivyo kuufanya mwanga uzidi saa 13 na nusu kwa siku. Au anaweza kukatiza usiku, kuanzia saa 4 hadi saa 8 usiku. Taa ya LED ya mwanga wa manjano inatosha, nayo yaweza kuendeshwa kwa betri ya sola. Kipimo rahisi ni hiki: mtu aliyesimama kando ya mimea, katika kila pembe ya kitalu, aweze kusoma maandishi ya gazeti bila kukaza macho. Pembe yenye kivuli ndiyo itakayochanua kwanza. Lililo kubwa zaidi ni uthabiti. Betri ikiisha nguvu kwa usiku kadhaa mfululizo, kazi ya miezi inaweza kupotea. Kifaa cha kuwasha na kuzima taa chenyewe ni bora kuliko kumbukumbu ya mtu aliyechoka.

Maji yamwagwe udongo unapoanza kukauka juu, na chombo kiwe na matundu ya kutosha chini. Samadi iliyooza vizuri itiwe kwa kiasi, kwa maana mbolea ya chumvichumvi ikizidi huleta matawi laini yanayooza kirahisi yakikatwa. Kitalu kiwe mbali na shamba la tumbaku linalopuliziwa viuatilifu. Maji yasituame kwenye makopo wala mitaro ya kitalu, kwani mbu waenezao malaria huzaliana katika maji yaliyotuama. Lingekuwa jambo la ajabu bustani ya mmea wa malaria ikawa chanzo cha malaria. Vilevile, anayekagua taa usiku avae nguo za mikono mirefu na asilale nje bila chandarua.

Kupogoa hufanywa mara kwa mara. Kila kichwa kinachokatwa huamsha matawi mawili au zaidi chini yake, na hayo ndiyo yatakayotoa vipandikizi vijavyo. Kipandikizi chema ni ncha changa isiyo na dalili ya maua, yenye urefu wa kidole cha kati au zaidi kidogo. Majani ya chini huondolewa, kisha ncha huchomekwa katika mchanga safi wenye unyevu ndani ya viriba, ikafunikwa kwa nailoni angavu na kuwekwa kivulini. Mizizi huhitaji wiki mbili hadi tatu hivi. Kisu kisafishwe kwa spiriti au maji yanayochemka kabla ya kuhamia mama mwingine.

Tahadhari hiyo ya usafi ina sababu nzito. Wakulima wa muhogo wameona jinsi batobato na michirizi kahawia zinavyoenea kwa vipande vya mashina. Mama mgonjwa huwarithisha watoto wake wote ugonjwa mmoja kwa siku moja. Isitoshe, taa huahirisha maua, lakini haizuii uzee. Baada ya miezi mingi ya kukatwa, shina hugeuka kuwa mti mgumu, vipandikizi vyake hukawia kutoa mizizi, na wadudu huongezeka. Kwa hiyo mama abadilishwe kabla hajachoka, kwa kulea kipandikizi chake kilicho bora kishike nafasi yake. Wawepo mama wawili au watatu wa kila aina, mahali tofauti, kila mmoja na kibao chenye jina la aina na tarehe ya kupandwa.

Jambo moja la biashara halina budi kutajwa. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, wakulima wa kaskazini mwa Tanzania, wa Kenya na wa Uganda walilima artemisia kwa ajili ya kiwanda cha kukamua artemisinini kilichokuwa Athi River, Kenya. Bei katika soko la dunia ilipanda, wengi wakapanda, kisha ikaporomoka. Zao hili halina mnunuzi gulioni. Anayefikiria kulilima atafute kwanza mnunuzi na mkataba, ndipo atafute taa.

Kitu ambacho mmea mama hauwezi kukitunza

Hapa ndipo swali la mgonjwa linapoingia. Ikiwa mmea mama huhifadhi nasaba bila kubadilika, je, haumpi mtu dawa ileile kila siku? Jibu ni hapana. Nasaba ni moja, lakini kiasi cha artemisinini katika jani hubadilika kwa umri wa mmea, kwa udongo, kwa namna ya kukausha na kwa muda wa kuhifadhi. Mmea mama hutunza ukoo. Dozi hutunzwa na mizani na maabara.

Hesabu ndogo itafafanua. Majani makavu ya artemisia yanaweza kuwa na artemisinini asilimia 0.1, na katika aina bora yakafikia asilimia 1 au kuzidi. Gramu 5 za majani, basi, zinaweza kuwa na miligramu 5, au miligramu 50. Macho na ulimi havitambui tofauti hiyo, maana uchungu wa majani si kipimo cha artemisinini. Juu ya hayo, artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, hivyo sehemu tu ya kiasi hicho huingia kikombeni. Kwa upande wa pili, mtu mzima anayetumia dawa ya mseto ya ALu humeza vidonge 24 katika siku tatu, ambavyo jumla yake ni miligramu 480 za artemetha na miligramu 2,880 za lumefantrini.

Lumefantrini hiyo ndiyo kiini cha neno mseto. Dawa za jamii ya artemisinini huua vimelea kwa kasi, lakini hutoweka mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa na kumalizia vimelea vilivyosalia. Chai haina mshirika wa namna hiyo. Mnywaji anaweza kuona homa imeshuka, akarudi shambani, kisha vimelea vikazaliana upya.

Historia ya tiba inafundisha jambo lilelile. Kwa karne kadhaa watu walimeza unga wa magome ya msinkona bila kujua nguvu ya kila gome. Mwaka 1820 Pierre Pelletier na Joseph Caventou wa Ufaransa walitenga kwinini yenyewe, na tangu hapo dozi ikaweza kupimwa. Tu Youyou wa China alipotafuta dawa mpya ya malaria katika mradi ulioanza mwaka 1967, alisoma kitabu cha tiba cha karne ya nne kilichoandikwa na Ge Hong. Humo artemisia ililowekwa katika maji na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Alitambua kwamba joto huenda likaharibu kiini cha dawa, akakikamua kwa etha, na mwaka 1972 artemisinini ikapatikana ikiwa safi. Alitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Elimu ya wazee ndiyo iliyofungua mlango, nacho kipimo kikamalizia kazi.

Shirika la Afya Duniani, katika tamko lake la mwaka 2019, haliungi mkono matumizi ya majani ya artemisia kwa namna yoyote, iwe chai, unga au vidonge vya majani, katika kukinga au kutibu malaria. Hofu mojawapo ni usugu. Vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini vimekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Nchi iliyoacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu ya usugu inajua gharama ya kupoteza dawa.

Ikumbukwe pia kwamba jina linaweza kupotosha. Artemisia afra, iotayo yenyewe katika milima ya Afrika, ni ndugu wa mmea huu, lakini si chanzo cha artemisinini cha kutegemewa.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa anayetumia majani mara nyingi huficha kwa kuogopa kukemewa. Swali liulizwe kwa heshima, na liwe sehemu ya mahojiano ya kila siku: “Mama, kabla ya kuja hapa umemtumilishia mtoto dawa yoyote, ya dukani au ya majani?” Akikiri, jibu lifaalo ni, “Umefanya vema kuniambia, mama. Sasa tumpime damu.” Yaandikwe aina ya majani, kiasi na siku zilizotumika.

Si kila homa ni malaria. Kipimo kitangulie dawa. Ikumbukwe kwamba kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha, na kwamba dozi ndogo inaweza kupunguza vimelea bila kuvimaliza. Homa ikiendelea, mgonjwa apimwe tena, kwa hadubini inapowezekana. Aliyekunywa chai na kukutwa na malaria apewe dozi kamili ya ALu, bila kupunguziwa kidonge kwa sababu ya chai hiyo.

Kwa mgonjwa na jamaa zake

Dozi ya pili ya ALu humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, na zinazofuata asubuhi na jioni katika siku ya pili na ya tatu, hadi zitimie dozi sita. Imezwe pamoja na chakula au maziwa, kwa kuwa mafuta husaidia lumefantrini kuingia mwilini. Dozi imalizwe hata homa ikiwa imekwisha kushuka, na vidonge visigawiwe ndugu wala kuwekwa akiba.

Mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida au aliyelegea asiamke vizuri, apelekwe kituo cha afya mara moja. Mjamzito mwenye homa naye asisubiri nyumbani. Katika hali hizo kila saa ina thamani, na saa ile inayotumika kuchemsha majani ndiyo saa ambayo sindano ya artesuneti ingekuwa imekwisha kuanza kazi.

Hitimisho

Mkulima wa Kigwa anaweza kuuzuia mmea wa mwaka mmoja usizeeke kwa maua, kwa taa ndogo iwashwayo katikati ya usiku. Elimu hiyo ni ya kweli, nayo inafaa kufundishwa shuleni na katika vikundi vya wakulima. Mpaka wake ni huu: majani bora ya mmea mama bora ni malighafi. Kati ya malighafi hiyo na damu ya mtoto mwenye malaria pana kiwanda, mizani, mshirika wa dawa na mhudumu aliyepima kabla ya kutibu. Mwenye bustani na auendeleze mmea wake. Akipata homa, aende zahanati.